Milango ya Silinda na Kifuniko Chake: Maelezo na Istilahi za Urekebishaji wa Injini za Mipigo Miwili

Utangulizi

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi za ufundi. Kauli hiyo hurudiwa katika vyuo na katika mikutano, lakini ni nadra kupimwa kwa kuchukua kazi moja ya ufundi na kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanakusudia kufanya jaribio hilo. Kazi iliyochaguliwa ni kurekebisha milango ya silinda na kifuniko chake katika injini za mipigo miwili, hasa zile za kwadi, yaani vyombo vya magurudumu manne viendeshwavyo kwa usukani wa pikipiki, ambavyo hutumika mchangani, msituni na mashindanoni.

Kazi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, inategemea vipimo vidogo sana, kiasi kwamba kosa la nusu milimita laweza kuharibu injini. Pili, makosa mengi ya mafundi wanaoanza hayatokani na ulegevu wa mikono. Hutokana na kuita vitu viwili kwa jina moja. Hapo ndipo mwanaisimu na fundi wanapokutana, kwa kuwa istilahi isiyopambanua ni hasara ya chuma kama ilivyo hasara ya maana.

1. Jinsi injini ya mipigo miwili inavyofanya kazi

Katika injini ya mipigo minne, vali hufungua na kufunga njia za hewa na moshi, na vali hizo huendeshwa na mtaimbo wake maalumu. Katika injini ya mipigo miwili ya aina inayozungumziwa hapa, hakuna vali za namna hiyo juu ya silinda. Ukuta wa silinda umetobolewa matundu, nayo pistoni inapopanda na kushuka huyaziba na kuyafunua. Katika makala haya matundu hayo yataitwa *milango*. Neno hili lafaa kuliko *tundu* kwa sababu tundu huwa wazi wakati wote, ilhali mlango hufunguliwa na kufungwa. Pistoni basi ni bawabu wa nyumba hii.

Milango iko ya aina tatu. *Mlango wa moshi* hutoa gesi zilizokwisha kuungua. *Milango ya kupitishia* huleta mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka chini ya pistoni hadi juu yake. *Mlango wa kuingizia* huleta mchanganyiko huo kutoka kabureta hadi ndani ya sanduku la fitokombo. Fitokombo ni ule mtaimbo uliopindwa unaogeuza mwendo wa juu na chini wa pistoni kuwa mzunguko. Katika kwadi nyingi za miaka ya 1980 na baadaye, mlango wa kuingizia una vali nyembamba iitwayo hapa *vali ya ulimi*: ni vipande vinavyopinda kuruhusu hewa kuingia, kisha hurudi mahali pake kuizuia isitoke.

Mzunguko mzima ni huu. Pistoni inapopanda, hugandamiza mchanganyiko ulio juu yake na wakati huohuo huvuta mchanganyiko mpya chini yake. Inapokaribia kikomo cha juu, plagi (ambayo mafundi wa Kongo huiita buji) hutoa cheche, na mwako huisukuma pistoni ishuke. Njiani hufunua kwanza mlango wa moshi, na shinikizo la silinda huporomoka. Baadaye kidogo hufunua milango ya kupitishia, na mchanganyiko uliobanwa chini yake hupanda kuijaza silinda na kuusukuma moshi uliobaki. Kisha pistoni hupanda tena na kuifunga milango kwa mpangilio wa kinyume: ya kupitishia hutangulia, wa moshi hufuata.

Katika maelezo hayo kuna kanuni moja inayotawala yote yajayo. Bawabu huyu hana hiari. Mlango ambao makali yake ya juu yako mahali fulani ukutani hufunguliwa pistoni inaposhuka kufikia mahali hapo, na hufungwa pistoni inapopanda kufikia mahali palepale. Hivyo anayetaka mlango wa moshi ufunguliwe mapema zaidi hana budi kukubali pia ufungwe kwa kuchelewa zaidi. Kila faida katika kazi hii ina bei yake, na bei hiyo hulipwa upande wa pili wa mzunguko.

2. Historia kwa ufupi

Injini ya mipigo miwili iliyotumia sanduku la fitokombo kama pampu ilibuniwa na Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, aliyepata hataza yake mwaka 1891. Mfanyakazi wake, Frederick Cock, ndiye aliyeendeleza wazo la kuifanya pistoni yenyewe ifungue na kufunga milango yote mitatu. Tatizo la injini za awali lilikuwa kwamba mchanganyiko mpya ulitoka moja kwa moja kupitia mlango wa moshi bila kuungua. Mjerumani Adolf Schnürle alipendekeza katika miaka ya 1920 njia ya kuielekeza milango ya kupitishia upande wa ukuta ulio mkabala na mlango wa moshi, ili mikondo ya mchanganyiko ikutane pale, ipande, kisha igeuke na kushuka kwa mzingo. Mpaka leo silinda za aina hii hufuata njia hiyo.

Hatua kubwa ya pili ilipigwa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, katika kiwanda cha MZ. Huko mhandisi Walter Kaaden alichunguza katika miaka ya 1950 jinsi bomba la moshi lenye tumbo pana, litakaloitwa hapa *bomba la mtanuko*, linavyoweza kurudisha wimbi la shinikizo hadi kwenye mlango wa moshi na kuurejesha ndani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Mwaka 1961 injini yake ya 125 cc ilifikia nguvu ya farasi 25, yaani nguvu ya farasi 200 kwa kila lita. Mwaka huohuo mwendeshaji wake Ernst Degner alihamia Magharibi na kuipelekea Suzuki maarifa hayo; mwaka 1962 Suzuki ilitwaa ubingwa wa dunia wa 50 cc.

Kutoka kwenye pikipiki za mashindano maarifa hayo yaliingia katika kwadi. Suzuki ilitoa LT250R mwaka 1985, Honda ikafuata na TRX250R mwaka 1986, na Yamaha ikatoa Banshee mwaka 1987. Banshee ilikuwa na silinda mbili zilizopozwa kwa maji, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 64 na mpigo wa milimita 54, jumla 347 cc. Iliuzwa Marekani hadi modeli ya mwaka 2006, wakati kanuni mpya za moshi za nchi hiyo zilipokuwa zikianza kutumika kwa vyombo vya aina hiyo. Kwa kuwa ilidumu miaka mingi na injini yake ni sahili, ndiyo itakayotumiwa kwa mifano ya hesabu hapa.

3. Kimo na muda

Jozi ya kwanza ya istilahi inayohitaji kupambanuliwa ni *kimo cha mlango* na *muda wa mlango*. Kimo ni umbali, kwa milimita, kutoka kikomo cha juu cha pistoni hadi makali ya juu ya mlango. Kadiri tarakimu inavyopungua, ndivyo mlango ulivyo juu zaidi. Muda ni idadi ya digrii za mzunguko wa fitokombo ambazo mlango huwa wazi. Fundi hukata kimo, lakini injini husikia muda. Uhusiano kati ya viwili hivyo si wa mstari mnyoofu, kwa sababu pistoni haiendi kwa kasi moja: huenda haraka katikati ya mpigo na polepole karibu na vikomo.

Chukua mpigo wa milimita 54 na mkono wa pistoni wenye urefu wa milimita 110, ambavyo ndivyo vipimo vya Banshee. Ikiwa makali ya juu ya mlango wa moshi yako milimita 28.0 chini ya kikomo cha juu, mlango utakuwa wazi kwa digrii 190. Ukiinuliwa hadi milimita 27.0, muda unakuwa digrii 194. Kwa kufikisha digrii 200, makali lazima yafike takriban milimita 25.6. Kwa maneno mengine, hapo kila milimita moja huongeza digrii nne na ushei.

Milango ya kupitishia iko chini zaidi, mahali ambapo pistoni imeanza kupunguza mwendo. Kwa digrii 120 makali yake yako milimita 43.0, kwa digrii 126 yako milimita 41.9. Hapo milimita moja huongeza digrii tano na nusu hivi. Tofauti hii ndogo ina matokeo. Mafundi wengine, badala ya kukata milango, huweka bamba jembamba chini ya silinda ili kuiinua yote pamoja. Njia hiyo ni rahisi na yaweza kuondolewa, lakini yule asemaye kwamba imeinua milango yote sawasawa anasema kweli kwa kimo na anakosea kwa muda, kwa maana milango ya kupitishia imeongezewa digrii nyingi kuliko wa moshi.

Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu hafungi kazi yake kwa rula peke yake. Hufunga gurudumu la digrii kwenye ncha ya fitokombo, hutafuta kikomo cha juu kwa uhakika, kisha huzungusha polepole na kusoma digrii ambapo kila mlango unaanza kufunuka. Kwa injini ya silinda mbili hufanya hivyo kwa kila silinda, kwani silinda mbili zilizotoka kiwandani pamoja zaweza kutofautiana, na kuzilinganisha tu ni faida kabla ya kuongeza chochote.

4. Kitangulizi cha moshi

Kati ya kufunuliwa kwa mlango wa moshi na kufunuliwa kwa milango ya kupitishia kuna kipindi kifupi ambacho moshi peke yake ndio wenye njia. Kipindi hiki kinaweza kuitwa *kitangulizi cha moshi*. Kazi yake ni kushusha shinikizo la silinda hadi liwe chini ya shinikizo la sanduku la fitokombo. Kisipotosha, milango ya kupitishia itakapofunguka moshi utarudi nyuma kupitia humo, utauchafua mchanganyiko mpya na kuupasha joto.

Hesabu yake ni nyepesi. Toa muda wa milango ya kupitishia katika muda wa mlango wa moshi, kisha gawa kwa mbili. Katika mfano uliotolewa hapo juu, 190 ukitoa 120 ni 70, na nusu yake ni digrii 35. Digrii hizo hazibadiliki, lakini sekunde zake hubadilika. Kwa mizunguko 4,500 kwa dakika, digrii 35 huchukua takriban milisekunde 1.3. Kwa mizunguko 9,000 hubaki milisekunde 0.65 tu. Moshi uleule lazima utoke katika nusu ya wakati. Ndiyo maana injini inayokusudiwa kuzunguka kwa kasi kubwa huhitaji mlango wa moshi ulio juu au mpana zaidi, na ndiyo maana injini hiyohiyo huwa dhaifu kwa kasi ndogo: huko hutoa moshi mapema mno na kupoteza sehemu ya nguvu ambayo ingeendelea kuisukuma pistoni.

Bomba la mtanuko nalo lina saa yake. Wimbi la shinikizo husafiri ndani ya bomba kwa mwendo unaotegemea joto la moshi, si mizunguko ya fitokombo. Urefu wa bomba ukishaamuliwa, wimbi hurudi mlangoni baada ya wakati ambao ni karibu uleule daima. Kwa hiyo bomba na milango hukubaliana katika eneo fulani tu la mizunguko. Mtu akiinua mlango wa moshi na kuacha bomba lililotengenezwa kwa mizunguko ya chini, amenunua kufuli bila ufunguo wake.

5. Upana na umbo

Njia ya pili ya kumpa moshi nafasi ni kupanua mlango badala ya kuuinua. Faida ya upana ni kwamba hauongezi muda, hivyo injini haipotezi sana nguvu ya chini. Mpaka wake unawekwa na ringi za pistoni. Ringi ni chuma chembamba kinachojitanua daima. Inapopita mbele ya mlango mpana hujitokeza kidogo ndani yake, na makali ya mlango yasipoirudisha taratibu itanasa na kuvunjika.

Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kwamba mlango wa moshi usio na nguzo katikati, kwa injini inayotakiwa kudumu, usizidi sana asilimia 62 hadi 65 ya kipenyo cha silinda. Kwa kipenyo cha milimita 64, asilimia 62 ni karibu milimita 40. Wapiga mashindano hufika asilimia 70, yaani karibu milimita 45, wakijua kwamba ringi zao zitabadilishwa mara kwa mara. Upana hupimwa kwa mstari mnyoofu kutoka makali hadi makali. Makali ya juu na ya chini hupewa umbo la upinde, na baada ya kukata, kingo zote hulainishwa kwa mkono ili ringi ipande juu ya mteremko mdogo badala ya kugonga ukuta.

Katika milango ya kupitishia jambo kubwa ni mwelekeo. Mikondo ya Schnürle inategemea pembe ambayo mchanganyiko huingilia silindani. Fundi anayepanua mlango wa kupitishia upande wa mlango wa moshi, kwa sababu tu huko msasa unafika kwa urahisi, huugeuza mkondo uelekee njia ya kutokea. Mlango wake utakuwa mkubwa kwa kipimo na mbaya kwa kazi. Vilevile pande zote mbili za silinda lazima zilingane, kwa kuwa mkondo wenye nguvu zaidi utausukuma mwenzake na mzingo wote utapinda.

Katika hayo yote kuna onyo moja. Chuma kilichosagwa ni kama maji yaliyomwagika: hayazoleki. Silinda iliyochakaa yaweza kutanuliwa na kupewa pistoni kubwa zaidi, lakini mlango ulioinuliwa kupita kiasi haurudi chini. Katika Banshee, silinda ni ya alumini yenye mkebe wa chuma ndani. Dawa pekee ya mlango ulioharibika ni kubadilisha mkebe huo au silinda nzima. Kwa hiyo kabla ya msasa kugusa chuma, karatasi hupachikwa ndani ya silinda, milango huchorwa kama ilivyo, na mchoro huo huhifadhiwa. Ndio kumbukumbu pekee ya mahali kazi ilipoanzia.

6. Kifuniko cha silinda

Juu ya silinda hukaa *kifuniko*, na ndani ya kifuniko kuna *chumba cha mwako* chenye umbo la kuba, ambamo mchanganyiko hugandamizwa na kuwashwa. Kuzunguka kuba hilo kuna sehemu bapa au yenye mteremko mdogo inayokaribia kugusana na pistoni ikiwa kikomo cha juu. Sehemu hiyo yaweza kuitwa *ukingo wa mbano*, na umbali kati yake na pistoni ni *nafasi ya mbano*.

Ukingo huo una kazi mbili. Pistoni inapofika juu, mchanganyiko ulio pembeni hubanwa na kurushwa kuelekea katikati, ukachafuka na kuungua haraka. Wakati huohuo, kiasi kidogo kinachobaki pembeni hulala kati ya kuta mbili zilizo karibu sana, nazo hukipoza. Kazi hii ya pili ndiyo kinga dhidi ya *mlipuko usioamriwa*: hali ambayo mchanganyiko wa pembeni, ukiwa umebanwa na kupashwa joto na mwako unaoukaribia, hujiwasha wenyewe kwa mkupuo kabla moto haujaufikia. Dalili zake ni sauti ya kugongagonga, kingo za pistoni zilizotoboka vitundu kama zilizoliwa na mchwa, na chembe za alumini kwenye kauri ya plagi. Mwisho wake ni pistoni iliyotoboka.

Nafasi ya mbano hupimwa kwa njia sahili. Kipande cha waya laini wa kulehemu huingizwa kupitia tundu la plagi hadi kigusane na ukuta wa silinda, fitokombo huzungushwa kwa mkono kupita kikomo cha juu, na unene wa waya uliobanwa hupimwa kwa kalipa. Hufanywa hivyo pande mbili, sambamba na pini ya pistoni, ili pistoni isiinamie upande mmoja na kudanganya kipimo. Kwa injini za ukubwa huu, mafundi wengi hulenga kati ya milimita 1.0 na 1.2. Nafasi ikizidi, mchanganyiko wa pembeni haupozwi wala haurushwi. Ikipungua mno, pistoni itagonga kifuniko kwa kasi kubwa, pale mkono wake unaponyooka na beringi zake zinapolegea.

7. Neno moja, vipimo viwili

Sasa yaweza kuelezwa tatizo ambalo makala yalidokeza mwanzoni. Wakati fundi anaposema kwamba ameongeza mgandamizo, amesema nini hasa?

Uwiano wa mgandamizo ni ujazo ulio juu ya pistoni kabla ya kubanwa ukigawanywa kwa ujazo wa chumba cha mwako baada ya kubanwa. Katika injini ya mipigo miwili, kabla ya kubanwa ni lini? Iwapo hesabu itaanzia kikomo cha chini, mpigo wote utahesabiwa. Lakini pistoni haiwezi kubana kitu mlango wa moshi ukiwa wazi. Kubana kwa kweli huanza mlango huo unapofungwa. Hivyo kuna vipimo viwili halali. Cha kwanza chastahili kuitwa *uwiano wa mpigo mzima*, na cha pili *uwiano wa mpigo uliofungwa*. Viwanda vya Japani vimezoea kutangaza wa pili. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hutumia wa kwanza.

Tofauti si ndogo. Yamaha ilitangaza uwiano wa 6.5 kwa Banshee. Mpigo mzima wa silinda yake moja una ujazo wa 173.7 cc. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba mlango wa moshi unafungwa kwenye milimita 28.0, mpigo uliofungwa una 90.1 cc, na uwiano wa 6.5 hudai chumba cha 16.4 cc. Kwa chumba hichohicho, uwiano wa mpigo mzima ni 11.6. Injini ni moja na kifuniko ni kimoja, ila tarakimu mbili zimekaribia kuzidiana maradufu. Msomaji anayeiona 6.5 katika karatasi za kiwanda, kisha akasoma katika kitabu cha Ulaya kwamba 12 ni kadiri inayofaa, anaweza kuamini kwamba ana nafasi kubwa ya kukata. Akikifuata kitabu huku akihesabu kwa njia ya kiwanda, atakipunguza chumba hadi 8.2 cc, nusu ya kilivyokuwa. Petroli ya kawaida haiwezi kuvumilia hali hiyo.

Uhusiano wa milango na kifuniko hujitokeza hapo wazi. Mlango wa moshi ukiinuliwa kutoka milimita 28.0 hadi 25.6, mpigo uliofungwa hupungua hadi 82.4 cc. Uwiano wa mpigo uliofungwa hushuka kutoka 6.5 hadi 6.0, ingawa kifuniko hakikuguswa na uwiano wa mpigo mzima umebaki 11.6. Kipimo cha shinikizo kikifungwa mahali pa plagi kitasoma pungufu kuliko awali. Fundi mmoja atasema mgandamizo umeshuka, mwingine atasema haukubadilika, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Ili kuurudisha uwiano wa 6.5, chumba lazima kipunguzwe kutoka 16.4 hadi 15.0 cc. Njia ya haraka ni kukwangua uso wote wa kifuniko kwa milimita 0.44. Lakini kiasi hichohicho hutolewa pia katika nafasi ya mbano. Ikiwa nafasi hiyo ilikuwa milimita 1.5, itabaki milimita 1.06, nayo ni njema. Ikiwa fundi wa kabla yake alikwisha kuifikisha 1.2, itabaki 0.76, na pistoni itakuwa jirani mno na kifuniko. Katika hali hiyo ukingo na kuba lazima vikatwe upya kwenye tezo, kila kimoja kwa kipimo chake. Ndiyo sababu hesabu ya kifuniko hufanywa kabla ya kukata milango, na kazi hizi mbili, ambazo huuzwa kama huduma mbili, kwa kweli ni kazi moja.

8. Kuhusu istilahi

Mafundi wa Kongo huazima maneno mengi ya kazi kutoka Kifaransa, na wenzao wa Kenya na Tanzania kutoka Kiingereza. Hakuna ubaya katika kuazima: silinda, pistoni na kabureta ni Kiswahili sasa. Ila kuazima neno hakuondoi utata wake. Katika Kifaransa na katika Kiingereza pia, neno moja la karakana hubeba uwiano wa mpigo mzima, uwiano wa mpigo uliofungwa na shinikizo linalosomwa kwenye kipimo. Likihamishwa lilivyo, mzigo wote huhamia nao. Kwa upande huu lugha inayounda istilahi zake kwa kuchelewa ina nafasi ambayo lugha zilizotangulia zimeipoteza: yaweza kutenga maana kabla mazoea hayajazichanganya.

Istilahi zilizopendekezwa zimefuata vigezo vitatu. Kwanza, zimetumia maneno ambayo msemaji wa kawaida anayajua, kama *mlango*, *kimo*, *ukingo* na *mbano*, ili maana ionekane kabla ya ufafanuzi. Pili, zimeviweka vitu vya jozi katika maumbo yanayofanana, kama *mpigo mzima* na *mpigo uliofungwa*, ili kutaja kimoja kumkumbushe msikilizaji kwamba kuna kingine. Tatu, zimetenganisha *uwiano*, ambao ni hesabu, na *shinikizo*, ambalo husomwa kwenye chombo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kurekebisha injini ya mipigo miwili ni kupanga upya wakati kwa njia ya kukata chuma. Kila mlango hufunguliwa na kufungwa mahali pamoja, hivyo kila kinachopatikana mwanzoni mwa mzunguko hulipwa mwishoni mwake. Kifuniko hulipa sehemu ya deni la milango, nacho kina mpaka wake katika nafasi ya mbano na katika petroli itakayotumika.

Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kinaweza kueleza mambo haya bila kulegeza vipimo. Kinachosalia ni kazi ya karakana: maneno haya yapelekwe kwa mafundi, yasemwe penye kelele za misasa, na yale yasiyofaa yaachwe. Fundi atakayeuliza "mpigo mzima, au uliofungwa?" kabla ya kukiweka kifuniko kwenye tezo atakuwa ameyapima vya kutosha, na huenda akawa ameiokoa pistoni.